Ibebe, Izungushe, Igeuze

Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaijua mada ya pembetatu zinazolingana kwa orodha yake tu. Upande-pembe-upande. Pembe-upande-pembe. Upande-upande-upande. Halafu ile ya pembetatu mraba na upande wake mrefu. Wanazikariri, wanazibandika mwisho wa jibu, msahihishaji anatoa alama, mada inafungwa. Waulize kwa nini upande-pembe-upande inatosha lakini upande-upande-pembe haitoshi, darasa lote kimya. Akijitokeza jasiri mmoja, atasema, "Ndivyo ilivyo, mwalimu."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jibu hilo linanikera kwa sababu mtoto hana kosa. Ndivyo tulivyomfundisha. Tumempa vigezo vinne avimeze, wakati kila kimoja ni jibu la swali ambalo hata mtu asiyekanyaga darasani analielewa: nikiikata pembetatu hii, nikaibeba vilevile ilivyo, bila kuivuta wala kuikunja, je, itakaa juu ya ile na kuifunika kila kona na kila upande? Ikikaa, zinalingana. Isipokaa, hazilingani. Vigezo vinatuambia tu ni vipimo gani vichache vinatosha kutupa uhakika kabla hata hatujashika mkasi.

Kuna namna tatu za kuibeba. Unaweza kuisogeza: kila nukta inakwenda umbali uleule, kuelekea kulekule. Unaweza kuizungusha: nukta moja unaishikilia, nyingine zote zinaizunguka kwa pembe moja. Unaweza kuigeuza, au kuiakisi kama wasemavyo vitabuni: unachagua mstari uwe kioo, na kila nukta inavukia ng'ambo, umbali uleule kutoka kwenye kioo. Miendo hii mitatu ina tabia moja. Nukta mbili zilizokuwa zimeachana sentimita 7 kabla, zitaachana sentimita 7 baada. Na umbali usipobadilika, pembe nazo hazina jinsi ya kubadilika. Ukuzaji, ambao wanafunzi hufundishwa pamoja na hii mitatu, hauna tabia hiyo; kuza mara 2, na sentimita 7 zinakuwa 14. Kwa hiyo leo tunauacha nje.

Anayetaka kuyaona haya bila ubao na chaki aende kwenye nyumba inayoezekwa. Fundi hapimi kila kenchi upya. Anatafuta mahali tambarare, analaza chini mbao za kenchi ya kwanza, anapima kwa futi kamba, anapigilia misumari. Ya pili anaiundia juu ya ya kwanza: mbao inakatwa pale ya chini yake inapoishia, misumari inaingia, kenchi inanyanyuliwa na kuegeshwa ukutani. Ya tatu vilevile, juu ya ya kwanza. Fundi mzoefu hakubali uiunde ya tatu juu ya ya pili, kwa sababu milimita mbili zilizokosewa kwenye ya pili zitajumlishwa na mbili za ya tatu, na ukifika ya kumi paa limeshapinda. Kwenye jiometri hofu hiyo haipo. Ya kwanza ikilingana na ya pili, na ya pili na ya tatu, basi ya kwanza na ya tatu zinalingana bila kupungua kitu, maana miendo miwili ikifuatana inazaa mwendo mwingine ambao nao hautunyang'anyi umbali wowote. Mbao haina nidhamu hiyo.

Angalia pia asichokipima fundi. Hapimi pembe. Mbao mbili za mteremko na moja ya chini zikishakatwa kwa urefu wake, pembe zinajipanga zenyewe na hazisogei tena. Huo ni upande-upande-upande, unatumiwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuuita hivyo. Jaribu hilo kwa mbao nne. Fremu ya mbao nne inayumba mpaka uipigilie mbao moja ya mshazari, na ukishaipigilia umeigawa kuwa pembetatu mbili.

Sasa tushike kigezo kimoja tukikague mpaka mwisho: upande-pembe-upande. Chukua karatasi ya grafu. Pembetatu ya kwanza ina kona A(1, 1), B(5, 1) na C(1, 4). Ya pili ina D(8, 2), E(8, 6) na F(11, 2). Upande AB una urefu wa vipimo 4, na DE pia. AC ni 3, na DF pia. Pembe ya A ni nyuzi 90, na ya D vilevile. Pande mbili na pembe iliyo katikati yake zinaoana. BC na EF hatujazigusa.

Mwendo wa kwanza: isogeze ABC vipimo 7 kulia na 1 juu. A inatua D. B inakwenda (12, 2), C inakwenda (8, 5). Kona moja imeshakaa mahali pake.

Mwendo wa pili: shikilia D, zungusha nyuzi 90 kinyume cha mshale wa saa. B iliyokuwa vipimo 4 kulia kwa D sasa iko vipimo 4 juu yake, yaani (8, 6), na hapo ndipo ilipo E. C nayo iliyokuwa juu imeangukia kushoto, (5, 2).

Hapa darasa hugawanyika. Wengine wanasema tumekwama, maana F iko (11, 2), upande wa pili wa mstari DE. Wengine wanataka kuendelea kuzungusha, na ukiwaacha watazungusha mpaka kengele ya mapumziko. Haitafaa, kwa sababu pembetatu hizi mbili zinasomwa kinyume. Ukitembea A, B, C unakwenda kinyume cha mshale wa saa. Ukitembea D, E, F unakwenda na mshale wa saa. Kusogeza na kuzungusha hakubadilishi jambo hilo hata ufanye mara ngapi. Kinachobaki ni kioo. Uweke kwenye mstari DE, na C inavuka kutoka (5, 2) hadi (11, 2). Ni F.

Kona tatu zote zimekaa. Na ule upande wa tatu ambao hatukuupima? Ncha zake zimeangukia E na F, na kati ya nukta mbili mstari mnyoofu ni mmoja tu. Hauna pengine pa kupita.

Sasa futa namba zote, hoja inabaki imesimama. Sogeza A mpaka D. Zungusha mpaka AB ielekee DE. Kwa kuwa urefu ni mmoja, B inatua E yenyewe. Kama C imeangukia ng'ambo ya DE, igeuze kwa kioo cha DE. Kwa kuwa pembe ni moja, mkono wa AC unalala juu ya mkono wa DF. Kwa kuwa urefu ni mmoja, C inatua F. Kila kipimo tulichopewa kimetumika mara moja na hakuna kilichobaki bila kazi. Mwanafunzi aliyeyafanya haya mwenyewe anaona kwa nini pembe lazima iwe katikati ya pande mbili: ni pembe hiyo inayouelekeza mkono wa pili.

Kuhusu kile kioo nina neno la pembeni. Karatasi iliyokatwa unaigeuza kwa kuinyanyua kutoka mezani na kuilaza kifudifudi, na fundi naye ndivyo anavyofanya kenchi isiyo sawa pande zote inapomkalia vibaya. Wote wawili wanatoka kwenye ubapa, wanapita hewani, wanarudi. Kwa vitu vyenye unene njia hiyo haipo. Mwaka 1768 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto: vipimo vyote vinaoana, lakini huwezi kuuingiza mmoja kwenye nafasi ya mwingine. Mwaka 1827 Möbius, mwanahisabati wa Ujerumani, akaeleza kwamba umbo la namna hiyo lingeweza kulazwa juu ya pacha wake wa kwenye kioo endapo tungekuwa na mwelekeo wa nne wa kulipitisha. Wanafunzi wakisikia hili husahau kabisa kwamba wana njaa.

Hoja yenyewe ya kulaza umbo juu ya umbo ni kongwe. Euclid, aliyeandika huko Aleksandria ya Misri karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliitumia kuthibitisha upande-pembe-upande, pendekezo (yaani dai linalothibitishwa) la 4 la kitabu chake cha kwanza. Akaitumia tena kwenye pendekezo la 8, upande-upande-upande. Baada ya hapo, popote alipoweza kupita kwingine alipita kwingine. Pembe-upande-pembe, pendekezo la 26, aliithibitisha bila kubeba chochote. Mimi namsoma kama mtu aliyekopa kwa jirani na sasa anakwepa kupita mbele ya mlango wake.

Na alikuwa na sababu, kwa kuwa waliomfuata hawakunyamaza. Mwaka 1077 Omar Khayyam, mwanahisabati wa Uajemi, katika risala yake kuhusu mashaka yaliyomo kwenye kazi ya Euclid, alimshutumu Ibn al-Haytham, mwanahisabati aliyemtangulia, kwa kuingiza mwendo katika jiometri. Mstari utatembeaje, na mwendo una uhusiano gani na elimu hii? Huko Ufaransa, mwanahisabati Jacques Peletier alichapisha pingamizi la aina hiyo mwaka 1557. Ukilitazama vizuri, pingamizi lina uzito. Ninachobeba mimi ni karatasi. Pembetatu yenyewe haina mahali pa kuishika, na nikidai kwamba imefika D ikiwa vilevile, nani ananithibitishia kwamba haikubadilika njiani?

Majibu mawili yalikuja karne ya 19, na yanavutana mpaka leo. Mwanahisabati David Hilbert, mwaka 1899, aliifanya upande-pembe-upande kuwa sehemu ya misingi yenyewe, yale mambo unayoyakubali kwanza bila kuyathibitisha. Hakuna kubeba, hakuna mashaka. Mwenzake Felix Klein, mwaka 1872, alikuwa ameshaelekea upande mwingine kabisa: anza na miendo yenyewe, halafu jiometri iwe ni elimu ya yale yasiyobadilika miendo hiyo inapofanyika. Na mwendo hapa si safari. Ni kanuni inayoipa kila nukta ya ubapa mwenzake, basi. Hakuna "njiani" ambapo kitu kingeweza kuharibika. Nadhani Khayyam angelisikiliza jibu hilo.

Mwalimu wa sekondari anaweza kudhani ugomvi huu haumhusu, ila unamfuata hadi kwenye andalio lake la somo. Huko Marekani, viwango vya Common Core vya mwaka 2010 vilichukua njia ya Klein: maumbo mawili yanalingana ikiwa miendo inaweza kulipeleka moja juu ya jingine, na vigezo vya pembetatu vinatolewa humo. Kenya, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, iliweka uakisi na kulingana kwa maumbo katika mada moja ya Kidato cha Pili, na mzunguko ukafuata. Kwetu Tanzania, muhtasari tulioufundishia miaka mingi uliweka kulingana kwa maumbo kwanza, kufanana baadaye, kisha ndipo mageuzo ya kijiometri yakaja kama mada inayojitegemea. Mtoto anafika kwenye kuakisi na kuzungusha akiwa ameshafunga daftari la pembetatu zinazolingana, na hakuna anayemwambia kwamba ni kitu kimoja. Kama mpangilio ungekuwa mikononi mwangu, ningeugeuza. Kwa kuwa haumo, huwa naazima vipindi viwili vya mbele na kuanza na miendo, halafu vigezo.

Turudi kwenye vigezo. Upande-upande-upande ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kioo ndicho kinachofanya kazi yote. Hatuna pembe hata moja. Tunasogeza na kuzungusha mpaka AB ilale juu ya DE, na tunahakikisha C imekaa ng'ambo ya F. Ikiwa iko upande mmoja nayo, igeuze kwanza. Unapata umbo la tiara, kona zake D, F, E na C. Tunajua DC ni sawa na DF. Tunajua EC ni sawa na EF. Sasa nukta yoyote iliyo umbali sawa kutoka C na kutoka F inakaa kwenye mstari unaokata CF katikati kwa pembe mraba. D iko hivyo, E iko hivyo. Nukta mbili zinatosha kuujua mstari, kwa hiyo mstari huo ni DE wenyewe. Ukiufanya kioo, C inakwenda moja kwa moja F. Hata wale waliokaa nyuma wanaochora wachezaji wa mpira kwenye daftari hunyanyua vichwa hapa.

Pembe-upande-pembe ni nyepesi. Ukishalaza AB juu ya DE na C ikawa upande mmoja na F, pembe za pande zote mbili zinailazimisha mikono ilale juu ya mikono, na mistari miwili iliyonyooka hukutana mara moja tu. Ukipewa pembe mbili na upande usio katikati, toa jumla yake kwenye nyuzi 180, unapata pembe ya tatu, na umerudi palepale. Pembe tatu peke yake hazitoshi kwa kuwa hakuna urefu wa kushika; hapo ndipo ukuzaji unaporudi.

Kile kilichokataliwa, upande-upande-pembe, kinastahili muda zaidi. Chora pembe ya nyuzi 30 kwenye A. Pima AB sentimita 10 kwenye mkono mmoja. Ukaambiwa BC ni sentimita 6. C iko wapi? Ilale kwenye mkono wa pili, na iwe sentimita 6 kutoka B. Weka ncha ya bikari kwenye B, ifungue sentimita 6, zungusha. Kutoka B hadi mkono wa pili, njia fupi kuliko zote ni sentimita 5, kwa hiyo duara linaufikia mkono, linauvuka, kisha linauvuka tena. Sehemu mbili. Moja iko karibu sentimita 5.3 kutoka A, nyingine karibu sentimita 12. Pembetatu mbili tofauti kabisa, na zote zimetimiza ulichoambiwa. Hakuna mwendo utakaoilaza moja juu ya nyingine, kwa kuwa upande wa 5.3 hauwezi kuufunika upande wa 12.

Sasa badilisha pembe ya A iwe nyuzi 90, na BC iwe ndefu kuliko AB. Duara bado linaukata mstari mara mbili, lakini sehemu hizo ziko pande mbili za A, umbali sawa. Mkono wa pembe unakwenda upande mmoja tu, kwa hiyo unapata C moja. Hicho ndicho kigezo cha pembetatu mraba na upande wake mrefu, ambacho wanafunzi hukiona kama mtoto wa kambo kwenye orodha. Ni upande-upande-pembe iliyookolewa na pembe mraba.

Darasani sihitaji vifaa vya maana. Karatasi ya kufuatishia ikikosekana, karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kula inapitisha mwanga wa kutosha; dada anayeuza maandazi langoni ananipa bure zile zilizolowa. Mwanafunzi anafuatisha ABC kwa kalamu ya risasi, anasogeza, anashikilia kwa ncha ya bikari, anazungusha, anageuza. Kwenye mtihani bado ataandika kigezo kwa jina lake, na aandike, maana msahihishaji hana muda wa kusoma safari za karatasi yenye mafuta. Sitaki vigezo vifutwe. Nataka mtoto akisahau kimoja aweze kukijenga upya ndani ya dakika tano.

Kwa waliobaki na grafu yao ya ABC na DEF, kuna jambo moja nimewawekea. Tulitumia miendo mitatu. Tafuteni nukta ya katikati ya A na D: (4.5, 1.5). Ya katikati ya B na E: (6.5, 3.5). Ya katikati ya C na F: (6, 3). Ziunganisheni kwa rula. Zote zimelala kwenye mstari mmoja, y = x − 3. Uwekeni kioo hapo, muiakisi ABC, kisha sogezeni kinachotokea vipimo 4 kulia na 4 juu: A inapitia (4, −2) na kutua (8, 2), na wenzake wanaifuata mpaka E na F. Miendo miwili badala ya mitatu. Nukta hizo za katikati zitapangika kwenye mstari mmoja kila mara pembetatu zinapokuwa zinasomwa kinyume. Zikisomwa upande mmoja, achaneni na nukta za katikati. Choreni mistari inayokata AD, BE na CF katikati kwa pembe mraba, muone inakutana wapi. Zungusheni kutoka hapo. Na isipokutana popote kwa kuwa imekwenda sambamba, basi kuzungusha hakuhitajiki, sogezeni tu.